Aliyeuacha Mlango wa Stoo Wazi

"Hii video sijui kwa nini mwongozaji hakutaka itumike," mhariri wa filamu alisema huku akivuta kiti kumpisha Siafu. "Mimi imenivunja mbavu. Hebu muone Shangazi wenu anavyoiba."

Shangazi alikuwa punda. Jina hilo alipewa kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa, kwa tabia yake ya kuingilia kila jambo lisilomhusu, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumjibu. Siafu naye alikuwa binti wa miaka ishirini na minne. Jina la utani alibandikwa na mjomba wake akiwa na miaka tisa, siku aliyomng'ang'ania mbwa aliyegongwa na gari, akakataa kumwachia mpaka daktari wa wanyama wa kituo hicho alipokubali kumtibu. Tangu siku ile hakutoka tena kituoni. Sasa ndiye aliyekuwa msimamizi wake, na maisha yake yalikuwa yamegeuzwa filamu.

Mtoto mwenye kigugumizi, asiyeweza kumaliza sentensi mbele ya binadamu, lakini akiinama kwenye sikio la punda maneno yanamtoka kama maji ya bomba. Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi. Jumamosi ingeoneshwa ukumbini kwa mara ya kwanza. Sasa ilikuwa Jumanne asubuhi, na Siafu alikuwa amekuja studio kurekodi sauti ya maneno ya mwisho.

Mhariri alibonyeza. Kwenye kioo ikatokea stoo ya chakula cha wanyama, mlango wazi kabisa. Makalio ya Shangazi yalikuwa nje, kichwa kimezama ndani ya gunia la chakula cha kuku. Nyuma ya kamera mtu alikuwa anacheka.

"Ah, Shangazi. Nimegeuka dakika mbili tu kuchomeka betri, wewe umeshaingia. Toka, mama. Toka kabla mwenyewe hajatuona, tukafukuzwa sote wawili."

Siafu aliijua sauti ile kuliko yake mwenyewe. Ilikuwa ya mwongozaji wa filamu, mchumba wake. Kituoni walimwita Jicho, kwa kuwa mwezi mzima wa kwanza hakuna aliyewahi kuliona jicho lake la pili. Lilikuwa limefumbwa nyuma ya kamera.

"R-rudisha nyuma," Siafu alisema.

Mhariri akarudisha.

"Simamisha hapo."

Pembeni mwa kioo kulikuwa na tarehe na saa. Tarehe kumi na nne. Saa tatu na dakika kumi asubuhi.

"Umeikuta wapi?"

"Kwenye faili lake aliloliandika 'Usitumie'. Nilikuwa nanakili kila kitu kabla hatujafunga kazi." Mhariri alianza kuona kwamba mwenzake hacheki. "Kuna nini, dada?"

Siafu alisimama, akachukua mkoba wake. Chini kwenye ngazi alisikia viatu vya Jicho vikipanda, na chupa za maji zikigongana ndani ya mfuko. Akatoka kwa mlango wa nyuma.

*

Tarehe kumi na nne, miezi minne iliyopita, saa saba mchana, Shangazi alianguka uwanjani tumbo likiwa limefura kama ngoma. Daktari alikuja mbio, akauliza amekula nini. Hakuna aliyejua. Alipoteza saa mbili nzima akibahatisha, mpaka Siafu alipokwenda stoo, akakuta mlango umerudishiwa tu bila kufungwa na gunia limebaki nusu.

Siku mbili hakutoka pembeni mwa punda yule. Alimtembeza, akamkanda tumbo, akamsemesha. Hicho ndicho kipande ambacho kila aliyekiona alitoa machozi.

Na kabla ya siku hizo mbili kulikuwa na dakika tano nyingine. Mtunza stoo alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, mtu aliyemlea Siafu baada ya baba yake kuondoka. Siafu alimsimamisha katikati ya uwanja mbele ya wafanyakazi na kamera, akamfukuza kazi. Mjomba alisema neno moja tu, "Nilifunga," naye akamkata kauli. Kisha akaigeukia kamera, akasema maneno ambayo sasa yalikuwa kwenye tangazo la filamu: *Aliyenilea ndiye aliyeniangusha.*

Simu ilianza kuita akiwa njiani. Hakupokea. Ukaingia ujumbe.

*Mpenzi uko wapi? Maiki iko tayari, tunakungoja.*

Mwingine.

*Mhariri amekuambia nini? Mbona hanitazami usoni?*

Siafu aliandika maneno manne: *Nimeona video ya stoo.*

Juu ya simu pakatokea kwamba anaandika. Pakapotea. Pakatokea tena. Pakapotea. Hakuna ujumbe uliokuja.

*

Jicho alimkuta Siafu kwenye banda la Shangazi, amebana mguu wa punda katikati ya magoti, anasafisha kwato kwa kisu. Alisimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kamera begani, na mikono yake haikujua ikae wapi.

"Siafu."

"Ulijua lini?"

"Naomba nikueleze kuanzia mwanzo."

"Ulijua lini kwamba ni w-wewe?"

"Alipoanguka tu."

"Saa saba mchana."

"Saa saba mchana."

"Daktari aliuliza mara ngapi amekula nini?"

"Mara tatu."

"Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma ya kamera."

Siafu aliushusha mguu wa punda taratibu, akauinua mwingine. Alihitaji mikono yake iwe na kazi.

"Niliogopa," Jicho alisema. "Nilikuwa nimekupenda na wewe bado hujanijibu. Nikajiambia, Shangazi akipona nitakwambia. Halafu alipopona, siku ile ile, ulinishika mkono pale kwenye bomba ukaniambia na wewe unanipenda. Sasa mimi ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia hapo hapo."

"Ungeniacha."

"Labda. Nisingemfukuza M-mjomba."

"Nilidhani utamrudisha baada ya wiki. Ni mjomba wako, nikasema hizi ni hasira za siku mbili. Wiki ikapita, ikawa mwezi, filamu ikashika njia..."

"Kwa hiyo yeye akabeba mlango, mimi nikabeba kumfukuza, wewe ukabeba filamu."

Hakukwama hata neno moja. Jicho aliinamisha kichwa.

"Kwa nini hukuifuta?"

"Nimejaribu. Karibu kila siku. Kidole kinafika, kisha kinarudi."

"Ungeifuta nisingejua mpaka nazeeka."

"Ndiyo maana kilikuwa kinarudi."

Shangazi alikoroma, akasogeza kichwa kumnusa Jicho mfukoni kama alivyozoea. Jicho hakuthubutu kumgusa.

"Niambie nifanye nini," alisema. "Chochote. Nitafanya."

"Miezi minne hukuniuliza. Usiniulize leo." Siafu alivua pete ya uchumba, akaiweka kwenye kiganja cha Jicho, akakifumba yeye mwenyewe kidole kwa kidole. "Sijaivua kwa hasira. Ingekuwa hasira ningekutupia. Nenda, nina kazi."

*

Alimpigia mama yake.

"Mama, Mjomba anafanya k-kazi wapi siku hizi?"

Upande wa pili akasikia mama akivuta kiti na kukaa.

"Miezi minne, mwanangu," mama alisema. "Nilijiapiza sitakuambia mpaka uulize mwenyewe. Yuko duka la vigae, lile la barabara ya hospitali. Kuna nini?"

"Hakuwa yeye."

"Najua hakuwa yeye. Kaka yangu hata nyumbani anarudi mara mbili kuhakikisha kama amefunga jiko."

"M-mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Uliniambia mimi natetea damu yangu."

Kweli alimwambia hivyo. Siafu alikumbuka mpaka mahali alipokuwa amesimama.

Hakwenda siku hiyo. Alijipa sababu: kuna mbuzi wa kufungwa bandeji, kuna hesabu ya chanjo. Ukweli ni kwamba miguu ilimgomea. Na Jumatano asubuhi, kabla hajatoka, simu ikaita. Alikuwa mtayarishaji wa filamu, mama mtu mzima mwenye sauti laini, ambaye ofisini kwake hakuna aliyewahi kumkatalia jambo.

"Binti yangu, Jicho amenijia hapa macho mekundu. Anataka kuingiza kipande kipya kwenye filamu. Nimemkatalia. Nimeona nikupigie na wewe, maana najua mambo ya wapenzi."

"Si mambo ya w-wapenzi, mama."

"Nisikilize. Jumamosi watu wa manispaa watakaa mstari wa mbele. Unajua kwamba wanatafuta sababu ya kuwahamisha pale. Wakiona ile filamu kama ilivyo, hakuna atakayethubutu kuwagusa. Sasa wewe unataka waone kwamba kila mtu anaingia stoo yenu, na kwamba msimamizi alifukuza mtu asiye na kosa bila hata kumsikiliza? Nani ataonekana mbaya, mwanangu? Si Jicho peke yake. Ni wewe."

Tangu jana, katikati ya hasira za Siafu kwa Jicho, hilo ndilo lililokuwa linamtafuna, na alikuwa hajalisema hata kimoyomoyo.

"Mzee mwenyewe ameshapata kazi nyingine, nasikia. Muombe radhi kimya kimya, nyumbani, yaishe. Wanyama mia moja na arobaini ni wengi kuliko mtu mmoja."

"N-nimekusikia."

"Vizuri."

"Nimesema nimekusikia. S-sijasema nimekubali."

*

Duka la vigae lilikuwa refu na lenye mwangwi. Mjomba alikuwa mwisho kabisa, amevaa aproni ya bluu, anapanga maboksi. Alikuwa amekonda. Alipomwona Siafu hakushangaa wala hakutabasamu. Alimaliza boksi alilokuwa nalo, akafuta mikono.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Shangazi hajambo?"

"Hajambo."

"Yule mbwa wa jicho moja?"

"Amepata watu wa kumchukua. W-wana watoto wawili."

"Vizuri." Aliangalia vigae vyake. "Hapa pazuri. Vigae havinyi, haviugui. Ukivipanga jioni asubuhi unavikuta."

Siafu alifungua mdomo. Neno likagoma. Alijaribu tena, likagoma, kama alipokuwa mdogo mbele ya ubao darasani. Mjomba hakumsaidia kulimalizia. Hakuwahi kufanya hivyo tangu Siafu akiwa na miaka tisa. Alikuwa anangoja tu, macho yametulia, kana kwamba ana siku nzima.

"N-n-nisamehe," lilitoka mwishowe. "Ulifunga. Alif-fungua Jicho, alikuwa anachaji betri. Nimeona video."

"Najua."

"Unajua n-nini?"

"Ufunguo nilimpa mimi. Nilikuwa nakwenda kuchukua dawa za chanjo, akaniomba achaji betri mle stoo. Nikafunga mbele yake, nikamkabidhi ufunguo. Niliporudi mchana akanirudishia, kabla punda hajaanguka."

Siafu alishika ukingo wa rafu.

"Kwa hiyo siku ile uwanjani ulijua kila kitu."

"Nilikuwa nimeshajumlisha, ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

Mjomba alikaa juu ya boksi. "Kwanza ulinikata kauli. Nakumbuka ulivyokuwa unasema. Hukukwama hata neno moja. Miaka yote nilikuwa naomba siku moja uongee hivyo mbele ya watu. Siku ilipofika ulikuwa unanifukuza mimi."

Siafu alianza kulia bila sauti.

"Pili, mwenye kosa alikuwa amesimama pale pale, hatua tatu. Nikamtazama machoni. Nikampa nafasi, nikasema kijana mwenye akili ataliona hili atasema. Tukatazamana." Mjomba alipapasa aproni yake. "Akainua kamera."

Kipande hicho kilikuwa ndani ya filamu. Siafu alikuwa amekiona zaidi ya mara kumi: Mjomba akitazama moja kwa moja kwenye kamera, sekunde nne au tano, bila kupepesa. Wote walioona walisema ni uso wa mtu anayejutia kosa lake.

"Tatu," Mjomba aliendelea, "nilikuwa nakuona unavyomtazama. Sikuwahi kukuona ukimtazama mtu hivyo, isipokuwa wenye miguu minne. Nikajiuliza, nikilisema hili namvunjia nini? Nikanyamaza. Mwezi wa kwanza nilimngoja aje. Wa pili nikaacha kungoja."

"Rudi k-kituoni."

"Hapana."

"Mjomba."

"Ulinitoa watu wakiona. Siwezi kurudi kwa kupita mlango wa nyuma, kama mtu aliyehurumiwa. Si kiburi. Nitawatazamaje wale vijana wa mabanda niliokuwa nawafokea wafunge milango?"

Siafu alifuta uso kwa kiganja. "Jumamosi saa tisa. Ukumbi wa sinema. N-njoo."

"Kufanya nini? Kujiona nikitazamwa tena?"

"Njoo tu. Kaa karibu na mlango. Ukitaka kutoka, u-utoke."

Hakuahidi.

*

Alhamisi Siafu alirudi studio. Mhariri alikuwa peke yake.

"Nataka kurekodi," Siafu alimwambia. "Ila hutakata. Nikikwama, u-uache nilivyokwama."

"Maneno yale yale yaliyoandikwa?"

"Hapana. Haya ni yangu."

Alirekodi kwa dakika sita yale ambayo mtu mwingine angeyasema kwa moja. Alipotoka, mhariri alikuwa ameinamia meza anajifanya anatafuta waya.

"Dada, sijui kama yatatumika. Mtayarishaji amesema filamu imefungwa."

"Na J-Jicho?"

"Yupo anakuja usiku usiku, anaondoka. Haongei. Sijui anaamua nini."

Siafu hakumpigia. Naye hakupiga. Ijumaa nzima simu ilikaa mezani kama jiwe.

*

Jumamosi saa tisa kasoro ukumbi ulikuwa umejaa, watu kama mia tatu. Mstari wa mbele walikaa watu wa manispaa watatu, mmoja wao mwanamke wa miwani aliyeshika daftari. Mtayarishaji alimkumbatia Siafu, akamnong'oneza, "Umefanya vizuri kutulia."

Mama alikaa kulia kwake. Kiti cha kushoto, cha Jicho, kilikuwa kitupu.

"Yuko wapi?" mama aliuliza.

"S-sijui."

Siafu aligeuka kutazama mlango. Watu walikuwa bado wanaingia. Mjomba hakuwepo. Taa zikazimwa.

Filamu ilianza kama alivyoijua. Picha zake za utotoni, mbwa wa kwanza, daktari akisimulia alivyong'ang'aniwa. Watu walicheka pale Shangazi alipomnyang'anya mwandishi wa habari kofia. Siafu alikuwa anahesabu dakika. Sehemu ya ugonjwa ilikuwa dakika ya arobaini. Kwenye dakika ya thelathini na nane mlango wa nyuma ulifunguka, mwanga ukaingia, mtu akakaa kiti cha mwisho. Siafu aligeuka, lakini hakuweza kuona uso.

Shangazi akaanguka. Ukumbi ukanyamaza. Mjomba akasimamishwa katikati ya uwanja. Siafu kwenye kioo akasema maneno yake makali, moja baada ya jingine, bila kukwama. Mjomba akaitazama kamera.

Hapo picha ikasimama. Uso wa Mjomba ukabaki pale, mkubwa kama ukuta, na sauti ya Jicho ikasikika, kavu, bila muziki.

*"Mzee huyu hatazami kamera. Ananitazama mimi. Anangoja niseme. Sikusema."*

Kisha ikaja stoo. Mlango wazi, gunia, kicheko. Tarehe na saa pembeni.

*"Anayecheka ni mimi. Mlango niliuacha wazi mimi. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Daktari aliuliza mara tatu, na mara zote tatu nilimsikia. Mtu huyu amepoteza kazi yake na mtoto aliyemlea kwa sababu yangu, na mimi nikapata filamu."*

Mtayarishaji alisimama, akatoka kwa hatua za haraka kuelekea chumba cha mitambo. Lakini mlango wa chumba kile ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Sasa ikasikika sauti nyingine, ya mwanamke, inayokwama. Siafu alijisikia mwenyewe na akatamani ardhi ipasuke.

*"M-mimi ndiye niliyemfukuza. Sikumsikiliza. N-n-najua kumsikiliza punda asiyesema, nikashindwa kumsikiliza m-mtu aliyenifundisha kusikiliza. Mjomba, m-mbele ya watu wote. Nilik-kosa."*

Mama alimshika mkono akaubana mpaka ukauma.

Filamu ikaendelea mpaka mwisho. Taa zilipowashwa hakuna aliyepiga makofi mara moja. Watu walikuwa wanageuka nyuma, mmoja mmoja, wakimtazama mzee aliyekaa kiti cha mwisho, aproni ya bluu imekunjwa mapajani. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Kijana mmoja wa mabandani alikuwa wa kwanza kusimama. Wakafuata wengine wa kituoni. Ndipo makofi yalipoanza, na hayakuelekezwa kwenye kioo.

Mwanamke wa miwani alimfuata Siafu akiwa na daftari lake.

"Stoo yenu sasa inafungwa vipi?"

"Ufunguo m-mmoja. Ninao mimi, shingoni."

Akaandika. "Nitakuja Jumatano kukagua," akasema, na usoni haikujulikana kama ni heri au shari.

*

Nje, kwenye maegesho ya magari, Jicho alimsubiri Mjomba amalize kupeana mikono. Mtayarishaji alikuwa ameshapita na kumwambia asimuone tena ofisini kwake. Hakuonekana kama amesikia.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekukosea. Nimesema mle ndani..."

"Mle ndani umewaambia watu mia tatu," Mjomba alimkatiza. "Sikatai, ulihitaji moyo. Lakini mimi sijaambiwa bado. Njoo huku."

Akamshika kiwiko, wakaenda mpaka kwenye ukuta, mbali. Siafu alibaki na mama yake, anawaona bila kuwasikia. Aliona Jicho akiongea, akinyamaza, akiongea tena. Aliona Mjomba akiuliza kitu kifupi. Aliona mabega ya Jicho yakitikisika, na Mjomba akiwa amesimama tu, bila kumgusa na bila kumwacha. Walikaa hivyo muda mrefu.

Mjomba aliporudi alimwambia Siafu, "Jumatatu nitakuja. Nataka kuwaona wale vijana kama bado wanafunga milango." Halafu akashusha sauti. "Unampenda bado?"

"N-nampenda. Lakini simwamini."

"Basi usiolewe naye kwa kumhurumia. Na usimwache kwa kunihurumia mimi. Yangu na yake tumeyamaliza pale ukutani. Yako ni yako."

Jicho alikuja, akasimama mbali kidogo.

"Sitakuomba lolote," alisema.

"Vizuri. Maana tarehe ile ya h-harusi haipo tena."

"Nimeelewa."

"Kama unataka kuja kituoni, njoo. Bila kamera. Kuna mabanda ya k-kusafisha. Sikuahidi kitu."

"Nije lini?"

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Mjomba ndiye atakayekupangia kazi."

*

Manispaa walikagua, wakaandika orodha ya vitu kumi na moja vya kurekebishwa, wakaacha kituo mahali pake. Mtayarishaji aliificha filamu kwa wiki sita, kisha kumbi za miji mingine zilipozidi kuiulizia akairuhusu, kama ilivyo, akidai kwamba lilikuwa wazo lake. Mjomba alikuwa amerudi stoo.

Jicho alikuja Jumatatu ile, na ya pili yake. Mchana alipata vibarua vya kupiga picha za vitambulisho, asubuhi alizoa kinyesi cha mbuzi. Mjomba alimfokea kama alivyowafokea wengine. Siafu alimsalimia, akamjibu akiulizwa, basi. Ikaenda miezi mitano hivyo. Wenzake walimwambia anamtesa kijana wa watu. Hakuwa anamtesa. Alikuwa anangoja kitu, na hata yeye hakujua ni kitu gani.

Asubuhi moja alikuwa ofisini anajaza fomu za chanjo aliposikia miguu ikikimbia uwanjani. Jicho aliingia bila kubisha, viganja vimejaa matope na damu kidogo.

"Ni mimi," alisema kabla hajapumua. "Mbuzi mweupe, yule mdogo. Nimemfunga kamba ndefu, amejirusha juu ya uzio, amechanika paja. Hakuna aliyeona, yuko nyuma ya banda. Nimemfunga vibaya, Siafu. Ni mimi."

Siafu aliweka kalamu chini. Alimtazama mtu yule aliyekuwa anahema mlangoni, macho yote mawili wazi, na akahisi kitu kifuani kilichokuwa kimekaza tangu siku ya studio kikilegea.

"Kidonda kirefu?"

"Kama kidole. Nimekibana na kitambaa, nimemwita Mjomba akishikilie."

"Mpigie daktari. Namba iko ukutani."

Jicho alishika simu.

"Ukimaliza," Siafu alisema akipita mlangoni na sanduku la dawa, bila kukwama popote, "osha mikono, uje tupange tarehe nyingine."